Likizo ya Juni wapelekeni watoto Lushoto

Haya ni maneno niliyoongea kwenye kikao cha wazazi hapa Ngamiani, Tanga mjini, nimeyaandika maana wengi hawakufika na wengine walikaa nje wakawa hawasikii vizuri. Nimeyaacha vile vile nilivyoongea, nimeongeza kidogo tu pale muda uliponibana.

Assalaam aleikum. Ndugu zangu Wakristo, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni.

Mwenyekiti kanipa nafasi niongelee likizo ya watoto na najua wengi mnategemea nianze na habari ya tuisheni, tuisheni leo siigusi. Nataka niongelee familia nzima kutoka nyumbani, baba, mama, watoto, na bibi kama miguu bado inamruhusu, siku tatu au nne tu, muende mahali mkae pamoja. Na mahali penyewe ninapopasema mie ni Lushoto, kule juu kwenye milima ya Usambara.

Sie watu wa Tanga mjini Lushoto tunaijua kwa mambo mawili, mboga na misiba. Kabichi, karoti, hoho, viazi, mapeasi yakiwa kwenye msimu, vyote vinateremka kutoka kule, vingine tunavila sisi na vingine vinapitiliza mpaka Kariakoo. Na kama umeoa au umeolewa na Msambaa basi unapanda kwenda kuzika, unafika usiku, unalala kwenye mkeka umejikunyata na baridi, asubuhi mnazika, mchana unawahi gari ushuke. Hapo umefika Lushoto lakini hujaiona. Wakati huo huo kuna mtu katoka Ujerumani au Uholanzi, kapanda ndege usiku kucha, kaja kutembea kwa miguu kwenye milima hiyo hiyo wiki nzima, na akirudi kwao anawasimulia wenzie. Sie tupo nayo mkoa mmoja, kutoka stendi ya Kange mpaka stendi ya Lushoto haifiki hata kilomita 200, na kuna watoto wa humu ndani wako kidato cha nne hawajawahi kuiona. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa hapa naomba kina baba mnisikilize vizuri. Likizo yetu sisi wengi ni kwenda kwa ndugu. Desemba ikifika tunapakia mabegi tunaenda kwa bibi Muheza, Pangani, Handeni, au tunajazana kwa shangazi Dar es Salaam. Kuunga udugu ni jambo kubwa, sisemi tuache, hilo tuendelee nalo mpaka tufe. Ila tuwe wakweli jamani, mama akifika ukweni hapumziki. Anaamka mapema kuliko akiwa kwake, anachota maji, anasonga ugali wa ukoo mzima, anasugua masufuria, jioni anakalishwa kwenye jamvi anasikiliza lawama za mwaka mzima. Baba yuko barazani na kahawa na bao. Watoto wamejichanganya na binamu zao wanacheza, vizuri sana, lakini hawajakaa na wewe mzazi hata nusu saa. Mnarudi Tanga mama kachoka kuliko alivyoondoka, alafu tunasema tulikuwa likizo. Mama naye ni mtu. Siku tatu za kula chakula alichopika mwingine na kulala kitanda alichotandika mwingine, kwa mwanamke anayeamka saa kumi kila siku ya Mungu kukaanga vitumbua vya biashara, wallahi ni zawadi kubwa kuliko doti ya khanga, na kina mama naona mnatikisa vichwa.

Kuna watakaosema basi twende Zanzibar, au Dar tukatembeze watoto. Bahari tunayo. Mtoto wa Tanga kaanza kuchezea maji ya Raskazone hajajua hata kusoma, ukimpeleka kisiwani kuona bahari unamlipia boti akaangalie kitu alichokiacha nyumbani. Dar nayo kila mkigeuka kuna kitu cha kununua, mtoto analilia hiki, mwingine analilia kile, mnakaa kwenye foleni masaa mawili kwenda kula chipsi, na pesa ikiisha safari imeisha. Mbuga za wanyama ni nzuri, watoto wanatakiwa waone simba na tembo wa nchi yao, ila gari, kiingilio na pa kulala kwa familia ya watu sita wengi wetu hatuwezi kila mwaka, na mle ndani siku nzima mmekaa kwenye viti mnaangalia dirishani.

Lushoto kinachofanyika ni kutembea, na mie naona uzuri wake wote unaanzia hapo. Hakuna mahali pa kubembea, hakuna sinema, vya kununua ni matunda na mahindi ya kuchoma. Mnatoka asubuhi mnapanda kilima, mnashuka bonde, mnavuka kijito, mdogo akichoka anabebwa mgongoni, mkubwa anabeba maji. Simu inakaa mfukoni yenyewe maana njia ina mawe na mikono inatakiwa kushika vitu. Na watu wanaotembea njia moja kwa masaa matatu wataongea tu, hata wale ambao nyumbani hawaongei. Mie nina kijana wa miaka kumi na tano ambaye nyumbani majibu yake ni "sawa" na "poa" basi, lakini kwenye njia ya kwenda Irente alianza kumuuliza baba yake maswali, mara mkonge wanaukamuaje, mara wewe baba ulipokuwa na umri wangu ulitaka uwe nani, na baba yake naye ambaye si muongeaji akajibu kwa kirefu mambo ambayo hata mie mkewe nilikuwa siyajui. Mie nikapunguza mwendo nikawaacha watangulie.

Niwaeleze sasa penyewe palivyo.

Unatoka Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, mpaka Mombo, yote hiyo njia mnaijua. Reli yetu nayo ilifuata huko huko, Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893 na ikafika Mombo 1905. Mombo ndipo unapoiacha barabara ya Moshi unaanza kupanda, zaidi ya kilomita 30 za kona, lami ipo, ila upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, na kule chini kabisa mto unapita kwenye mawe. Mnapita Soni penye maporomoko ya maji, mnayaona kutoka barabarani. Hapo Soni hewa imeshabadilika, watoto wenyewe watawaambia. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6 hivi, kwa hiyo siku ambayo sie huku tunajipepea na magazeti, kule mtu kavaa sweta saa saba mchana. Juni na Julai kuna baridi ya kweli, ukungu unashuka mpaka barabarani, usiku blanketi mbili. Mtoto wa pwani kuona moshi unamtoka mdomoni akiongea, hilo peke yake litamchekesha siku nzima.

Wajerumani waliupenda mji huo mpaka wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, wakajenga nyumba zao za mawe, wakapanda miti, na Waingereza walipokuja nao wakafanya pa kupumzikia. Mpaka leo Ikulu ndogo ipo kule. Watawala wote waliopita waliona hapa ndipo pa kupumzisha mwili, sasa kwa nini iwe ya watawala na wageni tu.

Irente ndiyo lazima muende. Kutoka mjini ni kama kilomita 5 au 6, kwa mwendo wa watoto na kusimama simama ni masaa mawili, mnapita kwenye mashamba ya watu, mahindi, maharage, migomba, watu wanawasalimia njia nzima. Kabla hamjafika kuna shamba la Irente la kanisa la KKKT, yaani Walutheri, pale wanatengeneza mikate, jibini na jamu, mnaweza kukaa kwenye majani mkala. Mbele yake ndiyo ukingo wenyewe. Ardhi inakatika ghafla, na chini karibu mita 1,000 mnaona Mazinde, mistari ya mashamba ya mkonge, barabara ya Moshi magari yakienda madogo madogo, na ng'ambo nyika ya Wamasai mpaka macho yanakoma. Hapo waambieni watoto kwamba huo mkonge wanaouona uliingia nchi hii mwaka 1893 na ndio uliofanya Tanga ikawa Tanga, shuleni wanalisoma kwenye karatasi lakini pale wanaliona lote kwa pamoja. Halafu sikilizeni, ukingo ule ni mkali na mtoto hajui hatari, mdogo ashikwe mkono muda wote, selfi za kurudi nyuma nyuma hapana kabisa.

Msitu wa Magamba uko upande wa juu ya mji, ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, mnaandikisha na kulipa kiingilio, Mtanzania bei yake ni tofauti na ya mgeni, na mnapewa mtu wa kuwaongoza. Kuna mbega weusi wenye manyoya meupe marefu, wanaruka kutoka mti hadi mti, kuna kima, kuna miti ambayo familia nzima mkishikana mikono ndiyo mnaizunguka. Jambo moja ambalo mie nalipenda sana kuwaeleza watoto ni hili, upepo ule ule wa bahari unaotupiga sisi pale Raskazone ndio unaoenda kugonga milima ya Usambara, ukigonga unapanda, ukipanda unapoa, ukipoa unaangusha mvua. Kwa sababu hiyo misitu ile imekuwa mibichi miaka na miaka hata nchi ya chini ilipokauka, na viumbe vilivyomo vikabaki peke yao, vingine havipatikani popote duniani isipokuwa huko. Milima hiyo inaendelea kwenye safu moja inayoitwa Tao la Mashariki, kutoka vilima vya Taita kule Kenya mpaka Udzungwa na kuendelea. Na maji mnayofungulia bombani humu mjini yanatoka Mto Zigi unaoanzia Usambara ya Mashariki, yanapita bwawa la Mabayani ndiyo yanakuja kwetu. Mtoto akilijua hilo siku akisikia mtu kakata msitu atajua kakatiwa yeye.

Ua pia lipo. Mwaka 1892 huyu Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa hapa Tanga, aliokota ua dogo la zambarau akampelekea baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia. Leo linakaa kwenye vikopo madirishani Ulaya na Marekani, na Wajerumani mpaka kesho wanaliita kwa jina la Usambara. Mkiliona porini msilichume, yamebaki machache.

Jioni sasa, maana wazazi mnaniuliza usiku tutafanya nini. Chukueni tochi. Usambara ina vinyonga wa ajabu, kuna wenye pembe mbili, kuna wenye tatu, na usiku kinyonga analala kwenye ncha ya tawi na rangi yake inafifia inakuwa nyeupe nyeupe, kwa hiyo ukimulika kwenye ua wa gesti unamuona vizuri kuliko mchana. Huku kwetu watoto wamefundishwa kumuogopa, wakimuona wanampiga mawe. Wakishindana nani kaona wengi, ndugu zangu, hamtawaingiza ndani. Msimguse, mulikeni kidogo tu, muacheni alale.

Na kama bibi kaja nanyi, tengeni siku ya Vuga, upande wa Soni, ndiyo iliyokuwa makao makuu ya wafalme wa Wasambaa, wale wa ukoo wa Kikilindi. Inasimuliwa kwamba Mbegha alikuwa muwindaji kutoka Unguu, alizaliwa kijego, meno ya juu yalitangulia, ndugu zake wakamuona mkosi wakamfukuza, akatangatanga na mbwa wake mpaka akafika kwa Wasambaa waliokuwa wanasumbuliwa na nguruwe mwitu. Akawaua nguruwe, nyama akagawa kwa watu, na watu wakamtaka awe mkubwa wao. Katika ukoo wake alitoka Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848, na mamlaka yake yalifika mpaka huku pwani, alifariki 1862. Tafuteni mzee wa pale awasimulie mwenyewe, kwa utaratibu na adabu, mkae chini. Mtoto aliyetengwa darasani akiisikia habari ya Mbegha usoni kwa mzee anayeijua, kuna kitu kitamgusa ambacho sisi kwa nasaha zetu hatujaweza.

Amani nayo ni nzuri, iko jirani zaidi kupitia Muheza, bustani ya miti ya tangu 1902. Ila kwa familia yenye wadogo mie nasema anzeni na Lushoto kwa sababu ni mji, hospitali ya wilaya ipo, soko lipo, duka la dawa lipo, mtoto akiamka na homa usiku hamhangaiki porini. Misikiti ipo na Wasambaa wengi ni Waislamu, chakula hamtapata shida, makanisa yapo. Mbu wachache kuliko huku, ingawa chandarua mnatumia vile vile.

Mambo madogo ya safari. Zile kona zinatapisha, wadogo wakae mbele, wasishibishwe sana asubuhi, bebeni mifuko na tangawizi ya kutafuna. Raba, siyo kandambili, maana mvua kidogo tu ule udongo mwekundu unateleza. Sweta na soksi kwa kila mtu, hata baba anayesema yeye baridi haimuwezi. Kulala, ulizieni hosteli za masista na za makanisa na gesti ndogo ndogo za mjini, safi, na vyumba vingine vina vitanda vya watoto, sio lazima hoteli kubwa. Maji ya moto ya kuoga ulizeni kabla hamjalipa. Mtu wa kuwaongoza mchukueni kwenye ofisi inayojulikana, siyo yule anayewadaka mlangoni mwa basi, na mkubaliane bei mbele ya wote. Msiende mvua za masika, Machi mpaka Mei, njia za milimani zinakuwa mbaya na ukungu unaziba kila kitu. Juni watoto wamefunga, mvua imekwisha, ndiyo wakati wenyewe.

Kuhusu pesa, najua. Nimeongea na kina mama wa kikoba na tumeona kwamba familia ikianza kuweka kidogo kidogo kila wiki kuanzia sasa inaweza kufika, na tukienda familia kadhaa tukakodi kosta moja nauli inashuka na vyumba tunapunguziwa. Tukifika kila familia itembee na watu wake, hilo nitalisimamia mwenyewe, sitaki tugeuze iwe shughuli ya mtaa na kina mama wakarudishwa jikoni.

Wanaotaka waandike majina kwa mweka hazina pale mlangoni kabla ya kuondoka, idadi ya watu wazima na umri wa watoto. Wenye watoto wa chini ya miaka mitano waseme leo leo tuwapangie viti vya mbele, na aliye na mzee anayeumwa miguu aniambie mie, tutatafuta gesti isiyo na ngazi.